Posa ya Kilo Mia na Arobaini

Watu wa Silver Spring wanasema nilimfukuza kocha. Uongo mtupu! Nilimpa chai, nikampa maandazi, nikampa pilau sahani mbili, halafu nikamwambia arudi siku nyingine. Kama huko ndiko kufukuza, basi na mimi nifukuzwe hivyo kila Jumamosi.

Ngoja niwaeleze mwenyewe, maana Cosmas akieleza anajiweka mbele, na Tobias ndiyo usiseme, anatia chumvi mpaka chakula hakiliki.

Mimi naitwa Ghati, kwetu Tarime. Nina miaka ishirini na miwili hapa Marekani, na kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwageuza, kugombana nao kuhusu dawa. Sikuzaa. Nina Tito. Tito ni mtoto wa kaka yangu Elkanah. Alinijia hapa ana miaka saba, mwembamba, analilia bibi yake, na begi lenye kaptula mbili. Nikamlisha. Nimemlisha miaka kumi na mmoja, na matokeo yake sasa ana kilo mia na arobaini na mlangoni anapita kwa ubavu. Sikumlisha ili acheze mpira. Nilimlisha kwa sababu alikuwa na njaa.

Shuleni wakamwona, wakamvalisha kofia ngumu na mabega ya plastiki, wakamwingiza kwenye mpira wao wa Kimarekani. Mimi nilienda kutazama mara moja, nikafumba macho, nikarudi nyumbani. Lakini Tito aliupenda mchezo ule kufa. Alikuwa analala na mpira kitandani, mtu mzima na ndevu zake. Alituma video zake kwenye vyuo thelathini, na kimoja tu ndicho kilichojibu: chuo kidogo kinaitwa Cedar Fork, huko milimani West Virginia, saa nne kwa gari.

Alhamisi moja ya Januari kocha wao akanipigia simu. Anaitwa Kocha Christopher. Akasema, kwa heshima zote: "Mama, Jumamosi ningependa kuja nyumbani kwako, nikae na familia, niwaombe mnipe Tito."

Jamani, niambieni nyinyi. Mwanaume mzima anakupigia simu, anasema anakuja nyumbani, anataka kukaa na familia, anaomba apewe mtoto. Kwetu jambo hilo lina jina moja tu. Nikakata simu, nikampigia Cosmas.

Cosmas alikuwa dereva wa ubalozi mpaka alipostaafu, na sasa ndiye msemaji wa familia katika kila posa ya Watanzania kuanzia Beltsville mpaka Manassas. Ana suti ya kazi hiyo. Sikumaliza kueleza, akauliza, "Huyo kocha ana mshenga?"

"Hana. Ni Mzungu, Cosmas."

"Mzungu siyo sababu. Bila mshenga anaongea na nani? Na ukuta?"

Ikabidi tumtafutie kocha mshenga sisi wenyewe. Tukampa Tobias, jirani yangu wa ghorofa ya chini, Mkenya wa Kakamega, fundi wa lifti. Tobias akaikubali kazi kwa moyo wote. Tangu saa ile akaacha kunisalimia kwenye ngazi. Alisema yeye sasa ni wa upande wa pili.

Tito akanifuata jikoni. Tito Kiswahili anakisikia chote, lakini anajibu kwa Kiingereza, kwa hiyo nawapeni nilivyoelewa. Akasema, "Auntie, tafadhali. Ni mazungumzo tu, siyo harusi. Nafasi imebaki moja. Jina linatakiwa liingie Jumamosi kabla ya saa kumi na mbili jioni, na kocha ana kijana mwingine Manassas wa kumwona siku hiyohiyo. Nikiikosa hii, hakuna nyingine."

Nilijua hakuna nyingine. Akiikosa atabaki hapa, atapakia maboksi ghalani kama anavyofanya siku za likizo, atarudi nyumbani jioni kula. Nikamwambia, "Utaratibu ni utaratibu. Wewe hutoki humu kama mfuko wa unga."

Jumamosi saa sita mchana mlango ukagongwa. Cosmas, ndani ya suti, akafungua kidogo tu.

"Nani?"

"Kocha Christopher, kutoka Cedar Fork."

"Hatumjui mtu huyo," akasema Cosmas, akafunga.

Nilichungulia tundu la mlango. Kocha ni mtu mfupi, mwembamba, ana miwani, utadhani mwalimu wa hesabu. Amesimama kwenye korido anatazama namba ya mlango, anatazama simu, anatazama namba ya mlango tena. Hapo Tobias akatokea kwenye ngazi, kavaa tai nyekundu, akamshika mkono kama wamesoma wote darasa la kwanza, akagonga kwa nguvu.

"Hodi! Hodi wenye boma! Sisi ni wageni, tumetoka mbali, tumechoka. Tulikuwa tunapita tu, tukaona ua zuri sana limechanua kwa hii nyumba. Tumekuja kuomba hilo ua!"

Ua lenyewe wakati huo liko jikoni, limevaa soksi za namba hamsini, linamalizia maandazi yaliyokuwa ya wageni.

Wakakaribishwa. Kumbe kocha ni mtu wa adabu. Alivua viatu bila kuambiwa, akala kila alichowekewa. Kwenye meza nilisimamisha simu, na ndani ya simu alikuwa kaka yangu Elkanah, moja kwa moja kutoka Tarime, ambako ilikuwa saa mbili usiku. Amevaa kofia, amekaa wima. Mtandao ukamgandisha mdomo ukiwa wazi. Kocha hakujua kuwa amegandishwa na mtandao. Alidhani baba mtu ameshtuka, akainamisha kichwa akamwomba radhi.

Cosmas akasema, "Haya, mgeni aeleze haja yake."

"Sisi tunataka kujenga," akaanza Tobias.

"Mwache mwenyewe aseme, Tobias!"

"Mimi ndiye mshenga!"

Basi wakabishana, mpaka kocha akainua mkono kama yuko darasani. Akaeleza vizuri, na mimi nilisikiliza, sitaki kudanganya. Alisema timu yake imefungwa mechi tisa mwaka jana na yeye anataka ubingwa ndani ya miaka mitatu. Akasema watu wanafikiri ubingwa unaletwa na yule kijana wa katikati anayerusha mpira, yule wa kwenye mabango. Siyo kweli. Mrusha mpira yeyote ukimpa sekunde nne atarusha. Kazi ni kumpata wa kumpa hizo sekunde nne. Ubingwa unaletwa na watu watano wanene wanaosimama mbele yake, ambao hakuna anayewajua majina, na kazi yao ni kuzuia majitu yasimfikie. "Ninao wanne," akasema. "Namtafuta wa tano, wa kusimama upande wa kushoto, upande ambao mrusha mpira haoni. Video mia sita nimetazama. Nimemwona mmoja tu ambaye akisukumwa harudi nyuma na akiangusha mtu anampa mkono amwinue. Ni Tito."

Nikakohoa kidogo hapo, nikajifanya ni pilipili.

"Yaani mlinzi," nikasema. "Umetoka West Virginia kuja kutafuta askari wa kumlinda mtoto wa mwenzangu."

"Ndiyo, mama."

"Na wangu atalindwa na nani?"

Tobias akadakia kwamba upande wao utalitazama suala hilo. Mara simu ikazinduka.

"Anafunga magoli mangapi?" Elkanah akauliza.

"Hafungi, kaka."

"Sasa anafanya nini uwanjani?"

"Anasukuma watu."

"Anasukuma watu, halafu wanamsomesha bure?" Kaka yangu akatafakari. "Waambie ng'ombe ishirini."

Nikaona aibu, lakini Tobias alishatafsiri. Kocha akafurahi, ndilo swali la kwanza alilolielewa. Akasema chuo chao kina shule ya kilimo na wana ng'ombe mia mbili, anaweza kutuma picha. Elkanah nusura atoke kwenye simu. "Mia mbili! Ghati, mpe! Mpe leo!" Mtandao ukamgandisha tena, safari hii mikono ikiwa juu.

Nikatoa masharti yangu. Apigiwe simu nyumbani kila Jumapili. Wali wasimpikie mbichi. Akiumwa niambiwe siku hiyohiyo, siyo baada ya kupona. Na asigongwe kichwani. Kocha akayaandika yote, akafika la mwisho, akaweka kalamu chini. "Mama, hilo la kichwa siwezi kukuahidi. Mchezo wenyewe ndio huo. Nakuahidi nitamfundisha jinsi ya kukikinga, na siku daktari akisema akae nje, atakaa nje hata kama ni fainali."

Lilikuwa jibu zuri. Lingekuwa baya lingenisaidia zaidi.

Akatazama saa. "Kwa hiyo, mama, tumekubaliana?"

Sasa, anayejua mambo haya anajua kwamba posa haikubaliwi siku ya kwanza. Siku ya kwanza mnawasikiliza wageni, mnawalisha, mnawaambia warudi kwao mtakaa kikao. Mwoaji anabembeleza. Mshenga anapiga magoti. Wanarudi tena na tena, ndipo mnalegea. Ndivyo tulivyo. Cosmas akajikohoza, akafungua mdomo aseme lile neno lake la siku zote. Nikamtangulia. Nikamtazama kocha machoni nikamwambia kwa Kiingereza changu safi kabisa: "Siyo leo. Rudi mwezi ujao."

"Mwezi ujao? Mama, mwisho ni leo saa kumi na mbili."

"Siyo leo."

Cosmas aliniegemea akaninong'oneza, "Ghati, hapo ungeacha mlango wazi kidogo." Nikamwambia anywe chai yake.

Kocha akachomeka kalamu mfukoni. Halafu akasimama, akatushukuru mmoja mmoja, akamwinamia Elkanah aliyeganda, akavaa koti, akamsogelea Tito pale mlango wa jikoni wakasemezana maneno mawili, akatoka.

Tukasubiri arudi kubembeleza.

"Yuko kwenye korido," akasema Cosmas. "Anajipanga."

Tobias akaenda dirishani. "Hayuko kwa korido. Yuko chini. Anaingia kwa gari. Anafunga mkanda." Akageuka, tai imempinda. "Woi, jameni, ameenda! Ameenda kweli!"

"Hajabembeleza hata mara moja?" Cosmas alikuwa amekasirika kitaalamu. "Huyu mshenga wake ni wa aina gani?"

"Unaniuliza mimi? Mmemfukuza mteja wangu!"

Tito alitoka jikoni na sahani ya pilau mkononi. Akaiweka mezani. Ilikuwa imejaa nusu, na nyama iko juu. Katika miaka kumi na mmoja mtoto yule hajawahi kubakiza chakula, hata alipokuwa na homa. Akasema taratibu, "Umesema hapana kwa niaba yangu," akaingia chumbani kwake, akafunga mlango bila kuubamiza. Bora angeubamiza.

Niliitazama ile sahani. Sijui niliitazama muda gani. Halafu nikachukua funguo za gari.

"Unaenda wapi?" Cosmas akaniuliza.

"Manassas."

"Ghati! Upande wa binti haumkimbizi mwoaji! Haijawahi kutokea!"

"Binti gani, Cosmas? Umemwona ndevu? Tito! Vaa viatu!"

Cosmas alibaki kulinda pilau. Tobias akaja, maana alisema mshenga halali mteja akiwa barabarani. Kocha tukimpigia simu hapokei. Na hatukujua hiyo nyumba ya Manassas iko wapi, ila kocha alikuwa ametaja kwamba ni familia ya Wakenya na kijana wao ana kilo mia na thelathini. Hiyo ilimtosha Tobias. "Mkenya wa Manassas mwenye kijana wa kilo mia na thelathini? Huyo ni Ethan wa Jerotich. Jerotich ni nesi, anakaa karibu na stesheni ya treni. Nipe dakika mbili." Akapiga simu tatu, akapata namba ya nyumba na taarifa kwamba Jerotich amealika mchungaji.

Barabara ya 66 siku ile ilikuwa imeziba kama kawaida yake. Tito kakaa kiti cha nyuma, gari limelalia upande wake. Mimi nilikuwa naongea na magari ya mbele kwa Kikurya. Tulifika saa kumi na moja na nusu. Gari la kocha liko nje. Mlangoni kumejaa viatu.

"Shuka," nikamwambia Tito.

Akatingisha kichwa. "Sishuki. Wewe ndiye uliyemwambia hapana."

Nikashuka peke yangu. Mlango haukuwa umefungwa, nikausukuma. Jamani! Sebule nzima watu wamesimama duara, wameshikana mikono, wamefumba macho, na katikati yuko mchungaji anaomba. Kocha yumo, kashikana mkono na kijana mmoja mkubwa, jasho linamtoka. Nikanyata mpaka pale, nikautenganisha mkono wa kocha na wa kijana, nikajichomeka katikati. Nikafumba macho na mimi, jicho moja.

"Kocha," nikanong'ona.

Akafungua jicho. "Mama? Umefikaje hapa?"

"Umeshatoa ile nafasi?"

"Sijaweza kusema neno hata moja. Nimekunywa chai vikombe vinne, halafu wakasema tuombe kidogo tuanze. Ni dakika thelathini na tano sasa. Mama, hii ni kawaida?"

"Mchungaji amefika wapi kwenye maombi?"

"Sijui. Nimesikia majina mengi."

Nilisikiliza. Mchungaji alikuwa amemaliza kuombea kanisa na serikali zote mbili, sasa yuko kwa wagonjwa, na wagonjwa walikuwa wengi. "Una muda," nikamwambia. "Bado wasafiri, wajane, na chakula. Sikiliza. Kwetu siku ya kwanza tunasema hapana. Ni heshima tu. Mimi nasema ndiyo. Mchukue Tito."

Mungu anisamehe, nilikuwa naiba mchana kweupe, ndani ya maombi ya mwenyewe. Nikahisi mkono wangu wa kulia unabanwa. Yule kijana, Ethan, alikuwa amefungua jicho lake na yeye.

"Auntie, please," akanong'ona, "mchukulie tu. Mimi nataka kusoma ufundi wa ndege. Nimeshapata chuo. Mama hajaniuliza. Hakuna aliyeniuliza."

"Ameni!" watu wakasema, wagonjwa wameisha. Tukafumba macho wote watatu.

Kocha akanisogelea. "Mama, tatizo siyo wewe tena. Nilimuuliza Tito pale mlangoni: wewe mwenyewe unataka? Akanijibu, lolote atakalosema shangazi. Siwezi kujenga timu hivyo. Septemba kule uwanjani shangazi hatakuwepo. Nikipanga mstari wa watu waliotumwa na shangazi zao, mrusha mpira wangu atavunjika mechi ya kwanza. Nataka neno lake yeye. Na zimebaki dakika ishirini."

Nikauchukua mkono wa Ethan nikaurudisha kwa kocha, nikatoka kwa vidole.

Ndani ya gari Tobias alijifanya amelala, anakoroma vibaya sana, mtu wa kuigiza hovyo. Nikafungua mlango wa nyuma nikasimama pale kwenye baridi. "Kocha anakutaka," nikasema. "Nimeshamwambia ndiyo. Ingia useme na wewe."

Tito hakunitazama. "Kwa nini ulimwambia siyo leo? Ulijua mwisho ni saa kumi na mbili."

"Ndio utaratibu wetu. Siku ya kwanza..."

"Auntie. Ulijua."

Tobias akaacha kukoroma.

Ningeweza kuendelea na habari za utaratibu. Nilikuwa nazo za kutosha, na Cosmas angenitetea. Lakini mtoto alinitazama kwa macho yaleyale ya siku ile uwanja wa ndege, na begi lake la kaptula mbili, na nikashindwa.

"Nilijua," nikasema. "Miaka ishirini na miwili naishi na hawa watu. Najua Mmarekani ukimwambia siyo leo anavaa koti anaondoka. Nilitaka avae koti. Ningekuwa nimesema utaratibu, nawe usingenichukia, na ungebaki. Nilifanya makusudi, Tito. Naogopa kurudi nyumbani jioni hakuna mtu. Basi, nimesema."

Tito akajifuta uso kwa kofia. "Nilimwambia lolote atakalosema shangazi kwa sababu nilikuwa naogopa kitu hichohicho," akasema. "Nataka kwenda. Nataka mpaka chakula hakipiti. Lakini wewe utakuwa unakula umesimama jikoni, nakujua, ukiwa peke yako huketi. Sikutaka umkubalie kocha. Nilitaka uniambie mimi."

"Nikwambie nini?"

"Unajua."

Lilikuwa neno moja tu, na fupi. Wazee nimewainua na kuwageuza miaka yote hii, lakini neno lile lilinishinda uzito. Nikashika mlango wa gari.

"Nenda," nikasema.

"Kweli?"

"Nenda kabla sijabadilisha! Dakika nane! Nenda!"

Akashuka, gari likainuka. Sijawahi kumwona anakimbia hivyo. Nilimfuata huku nalia na kucheka. Ngazi za Jerotich zililia, mlango ukafunguka mpaka ukutani, picha ikaanguka. Mchungaji wakati huo alikuwa amefika kilele, kainua mikono yote miwili, anauliza kwa sauti ya kutetemesha madirisha, "Nani atakayekwenda, Bwana? Nani atakayesimama?"

"Mimi! Kocha, mimi nataka!" Tito akanguruma. "Nataka mimi mwenyewe!"

"AMENI!" sebule nzima ikajibu, na ameni ya Ethan ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote.

Watu wakafumbua macho, wakakuta jitu lisilojulikana limesimama katikati ya zulia linahema. Kocha alikuwa tayari ana simu mkononi, anaandika jina. Akauliza, "T-I-T-O?" Tobias akajibu kutoka mlangoni kwamba ndiyo, yeye ni mshenga na anathibitisha. Zilikuwa zimebaki dakika tatu.

Jerotich, mama mrefu mwenye kitambaa cha kichwa cha kijani, akanigeukia polepole. "Na wewe ni nani, umeingia kwa maombi yangu na viatu?"

Nikamweleza. Sikuficha kitu, siku ile nilikuwa nimeshaanza kusema kweli na nikaona nimalizie. Alipandwa na hasira, na alikuwa na haki. Alisema Kiswahili, akasema Kikalenjini, akasema Kiingereza cha hospitali. Mpaka Ethan akamshika mabega akamwambia habari ya ufundi wa ndege na barua ya chuo aliyoificha chini ya godoro tangu Desemba. Mama wa watu akaketi kwenye kochi, puu. "Mbona hukuniambia?" Ethan akasema ameona mama amemwalika mpaka mchungaji, angeanzia wapi.

Mchungaji, ambaye hakutaka maombi ya dakika hamsini yapotee bure, akatangaza kuwa yamejibiwa yote mawili, kila mtu ale.

Jerotich aliwamiminia chai watu wote, mimi akaniruka. Halafu akanisogezea kikombe cha chai ya maziwa, akakaa pembeni yangu, tukawatazama vijana. Kocha alikuwa amewasimamisha wapigwe picha, yeye katikati yao kama mwanasesere. Tobias kaingia kwenye picha bila kuitwa. Tito anacheka mpaka jino la mwisho linaonekana.

"Huyo wako anaenda lini?" Jerotich akaniuliza.

"Mwezi wa sita mwishoni."

"Sasa kwako mtabaki wangapi?"

Nilikunywa chai kwanza.

"Mmoja," nikasema.

Hakunipa pole, namshukuru. Alinyanyuka, akaenda jikoni, akarudi na chakula, akaniwekea mapajani, akasema, "Keti ule." Na nilikuwa nimeshaketi.